Msimjengee Muuza Chapati Ukuta wa Viwango

Ipo hoja ambayo Kampala imekwisha kuzoeleka kiasi kwamba wachache huiuliza maswali. Kila inapoonekana kwenye rafu za supamaketi pakiti ya chapati, ya mkate wa pita au ya tortilla yenye anwani ya Nairobi, Dubai au Mumbai, husemwa maneno yale yale: nchi ya rolex inaletewaje chapati ndani ya nailoni? Pendekezo hufuata papo hapo. Kwa kuwa Uganda haiwezi kujipandishia ushuru bila kupitia meza ya mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi kazi hiyo lipewe Shirika la Viwango la Taifa, UNBS. Kila shehena izuiwe mpakani, ifunguliwe, ipimwe, na majibu yasubiriwe hata mwagizaji achoke mwenyewe. Viwango vifanye kimyakimya kile ambacho ushuru umeshindwa kukifanya hadharani.

Naipinga hoja hii, na naipinga kwa ajili ya muuza chapati yule yule anayedaiwa kutetewa. Wanaoitoa wengi wao wana nia njema. Wanaona kijana aliyesimama kando ya barabara tangu alfajiri na jiko lake la mkaa, na wanaogopa atapoteza riziki. Hofu hiyo naiheshimu. Dawa wanayoiandika ndiyo itakayomdhuru, tena itamdhuru zaidi kwa sababu anaishi katika nchi isiyo na bahari.

Tuanze na unga, maana uzalendo wa hoja hii umejengwa juu ya unga. Chapati ilikuja huku na Wahindi, wakiwamo walioletwa kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901. Waganda wakaichukua, wakaikunjia mayai yenye vitunguu, kabichi na nyanya, wakaiita rolex, na wanafunzi wa Makerere wakaifanya mlo wao pale Wandegeya. Leo ni yao, hakuna wa kuwanyang'anya. Lakini ngano iliyomo ndani yake si ya Uganda. Inayolimwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, huko Kapchorwa, Kween na Bukwo, ni kidogo mno kwa mahitaji ya nchi. Iliyobaki hushushwa kutoka melini Mombasa, hupakiwa kwenye malori na kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja kabla haijafika vinu vya Jinja na Kampala. Vita vya Urusi na Ukraine vilipozuka Februari 2022, bei ya unga ilipanda, na chapati nyingi za barabarani zikawa nyembamba. Rais Museveni katika hotuba yake ya Siku ya Wafanyakazi mwaka huo aliwashauri wananchi kwamba wakikosa mkate wale muhogo. Wengi walikasirika, lakini ushauri ule ulionyesha wazi mahali ambapo chapati ya Uganda inashikiliwa: mashamba ya kandokando ya Bahari Nyeusi.

Kwa hiyo pakiti inayotoka Nairobi na chapati inayopikwa Wandegeya mara nyingi ni ndugu wa meli moja. Tofauti iliyopo ni mahali ambapo mikono ya watu imeikanda. Hiyo ni tofauti kubwa, maana kukanda ni ajira, na ajira inastahili kulindwa. Ila tusidanganyane kwamba tunalinda chakula cha asili dhidi ya cha kigeni.

Halafu tuulize ni nani hasa anayenunua hizo pakiti. Chapati iliyoletwa kutoka ng'ambo ya bahari imelipiwa nauli ya meli, bandari, barabara, ushuru na kodi, na mara nyingi imesafiri ndani ya barafu. Inapofika rafuni haiwezi kushindana kwa bei na chapati iliyotoka kwenye kikaango dakika hii hii. Anayeinunua ni hoteli ya watalii iliyo ndani ya hifadhi, ambayo haiwezi kutuma mtu mjini kila asubuhi. Ni mpishi wa sherehe anayehitaji mikate mia kadhaa iliyo sawa kwa ukubwa. Ni mzazi anayerudi nyumbani usiku na watoto wana njaa. Mteja wa rolex hasimami mbele ya jokofu la supamaketi akijiuliza achague lipi. Anataka kitu cha moto, chenye yai, mkononi, sasa. Adui wa muuza rolex ni bei ya unga, bei ya mafuta ya kupikia, bei ya mkaa na askari wa jiji wanaombebea meza yake. Katika hao wote hakuna hata mmoja anayezuiwa kwa kufungua lori la pita pale mpakani Malaba.

Sasa niingie katika jambo ambalo watetezi wa ukuta hawalizungumzii kabisa, nalo ndilo zito kuliko yote: muda.

Mkate bapa laini una maji mengi ndani yake, na kuvu hupenda maji. Chapati isiyo na kihifadhi chochote, ikifungwa kwenye pakiti ya kawaida na kuachwa katika joto la Kampala, ina siku chache tu kabla ya madoa ya kijani kuonekana. Anayetaka idumu zaidi ana njia zinazojulikana. Anaweza kutia kalsiamu propioneti au potasiamu sorbeti, vihifadhi vinavyoruhusiwa na kanuni za kimataifa za chakula kwa viwango vilivyowekwa. Anaweza kuongeza uchachu kidogo ili kuvu isistawi. Anaweza kuondoa hewa ndani ya pakiti na kuweka mahali pake kabonidaioksidi na naitrojeni. Anaweza kuigandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Au anaweza kuikausha mpaka iwe ngumu kama biskuti. Jokofu la kawaida halimsaidii sana, maana wanga wa mkate huchakaa upesi zaidi ukiwa kwenye ubaridi kuliko ukiwa mezani. Chapati inakaa bila kuvu, lakini inakuwa kama ngozi.

Tuweke kando ya hayo saa ya maabara. Kipimo cha kawaida cha kuhesabu hamira na kuvu katika chakula huhitaji sampuli ikae kwenye joto la nyuzi 25 kwa siku 5 ndipo vihesabiwe. Kipimo cha salmonela nacho huchukua siku kadhaa mpaka kuthibitishwa. Hakuna uzembe hapo. Vijidudu huota kwa mwendo wao, na mtaalamu wa maabara hana namna ya kuviharakisha kwa njia hiyo. Maana yake ni kwamba ukiamuru kila shehena ikae mpakani mpaka majibu ya kuvu yatoke, chapati isiyo na kihifadhi itakufa kabla ya hati yake kutiwa muhuri. Itakayopita ni ile iliyotiwa vihifadhi mpaka kikomo cha sheria, au iliyogandishwa, au iliyokaushwa.

Tazama basi kinachotokea. Watu wanaolalamika kwamba chapati za pakiti zimejaa dawa ndio wanaotaka utaratibu utakaoruhusu zilizojaa dawa peke yake. Mtengenezaji mwaminifu wa Nairobi au Eldoret anayeoka leo ili iuzwe Kampala keshokutwa, bila kihifadhi au kwa kidogo sana, ndiye wa kwanza kuondoka sokoni. Anabaki mwenye kiwanda kikubwa ng'ambo ya bahari, ambaye pakiti yake imetengenezwa kuvumilia miezi. Ukuta uliojengwa kwa jina la afya unachuja chakula kipya na kuacha kipite kile kilichokwisha kuandaliwa kwa safari ndefu. Sijasikia mtetezi hata mmoja wa ukuta huu akilijibu hilo.

Na hata hiyo iliyogandishwa haisalimiki bure. Lori la barafu likisimama, injini ya kupoza inaendelea kula dizeli. Umeme au mafuta yakikatika kwa saa chache, barafu inayeyuka, maji yanaingia kwenye unga, kisha dereva anawasha tena na kila kitu kinaganda upya. Pakiti inafika ikiwa na sura nzuri na ndani imeharibika. Mkaguzi aliyechelewesha kwa ajili ya usalama amezalisha hatari ambayo haikuwamo kiwandani. Waliokuwapo Malaba Januari 2022, foleni iliponyooka kwa makumi ya kilomita kwa sababu ya ubishi wa vipimo vya Covid, wanajua kwamba hii si habari ya kubuni. Kwenye foleni ile palikuwa na chakula.

Kuna njia nyingine, na haikubuniwa na mimi. Unakagua kiwanda badala ya lori. Unaangalia maji, joto, usafi, kumbukumbu za kila siku, kisha unampa mwoka mikate alama ya ubora na kumtembelea bila taarifa. Sheria ya Viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2006 iliwekwa kwa kusudi hilo hilo: alama ya ubora iliyotolewa na shirika la nchi mwanachama itambuliwe na nchi nyingine, ili bidhaa isipimwe mara mbili kwa jambo lile lile. Kwa zinazotoka nje ya Jumuiya, Uganda ina utaratibu wa kukagua bidhaa huko huko zinakotoka kabla hazijapakiwa. Mpakani kinabaki kuangaliwa kile kinachoweza kuangaliwa kwa saa moja: lebo, tarehe, joto la mzigo, hali ya pakiti. Sampuli inachukuliwa, mzigo unaachwa uende, na majibu yakiwa mabaya unarudishwa kutoka madukani na mwenye nao anaadhibiwa. Anayerudia anafungiwa. Mkataba wa Kurahisisha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani una kifungu kinachotaka bidhaa zinazoharibika haraka ziachiwe kwa muda mfupi iwezekanavyo na zitangulizwe katika ukaguzi. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 22 Februari 2017, siku ambayo Rwanda, Oman, Chad na Jordan ziliwasilisha hati zao na kutimiza idadi ya nchi iliyokuwa inahitajika. Kati ya hizo nne, Rwanda na Chad hazina bahari, na naamini zilijua zinatafuta nini.

Hapo ndipo inapoingia habari ya jiografia, na ndipo ninapowashangaa zaidi wenzetu. Uganda inajua kwa uchungu maana ya kiwango kugeuzwa kufuli. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 maziwa yake yalikamatwa na kuzuiwa Kenya. Mayai na kuku wake nao wakapata misukosuko. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya chakula na kilimo ya Kenya ilisimamisha kwa barua moja mahindi yote kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yaliyokuwa yamekwisha pakiwa yakakwama, bei ya mkulima wa Masindi ikashuka, na baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Sudan Kusini kuyashika mahindi ya Uganda upande wa Nimule kwa sababu hiyo hiyo.

Sisemi sumukuvu ni uzushi. Mwaka 2004, huko Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Anayepima mahindi anafanya kazi ya kuokoa roho. Kilichoudhi Kampala katika Machi ile ya 2021 ni namna: barua ya ghafla, bila muda wa kujiandaa, kwa nchi nzima badala ya kwa mzigo mbaya, na kwa wakati ambao wakulima wa upande wa pili walikuwa wakilalamikia bei. Viongozi na wafanyabiashara wa Uganda walipiga kelele, na walikuwa na haki. Kelele hizo zilisimama juu ya kanuni moja, kwamba usalama wa chakula usitumiwe kuficha ulinzi wa soko.

Leo wale wale wanataka kanuni hiyo iwekwe kando kwa ajili ya pita na chapati. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nchi yenye bandari ikivunja kanuni hii itapata hasara, lakini bado ina pwani yake; meli itakuja. Nchi ambayo kila kilo ya bidhaa yake hupita kwenye mlango wa jirani haina nguvu ya bunduki wala ya pesa ya kumlazimisha jirani afungue. Ina nguvu ya kanuni tu. Siku ambayo mwanasheria wa Uganda atasimama mbele ya Jumuiya kule Arusha kulalamikia maziwa yaliyozuiwa, ataulizwa kuhusu chapati za Eldoret zilizoozea Malaba, na hatakuwa na jibu. Sheria ya Jumuiya ya 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha itamsaidia ikiwa mikono yake ni safi.

Wapo wanaonijibu kwamba nchi isiyo na bahari ina udhuru, kwamba umbali tayari ni adhabu na kwa hiyo inastahili kujihami zaidi. Nalielewa hilo, ila linachukua maradhi na kuyaita tiba. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni karibu kilomita 1,170. Kabla ya Eneo Moja la Forodha kuanza kazi 2014, mzigo ulizoea kuchukua zaidi ya wiki mbili njiani. Baada yake, siku zikapungua mpaka zikahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Barabara haikufupishwa hata mita. Kilichopungua ni kusimama. Basi mzigo mkubwa wa kukosa bahari ulikuwa makaratasi, na makaratasi hayo tuliyaandika sisi wenyewe. Kuyaandika upya kwa sababu ya chapati ni kujirudisha kule tulikotoka kwa taabu.

Lipo pingamizi moja ambalo nalichukua kwa uzito wake wote. Uganda inataka unga wa ngano unaosagwa viwandani uongezwe madini na vitamini, yakiwamo madini ya chuma na asidi ya foliki, kwa sababu ya upungufu wa damu kwa akina mama na kasoro za watoto wachanga. Pakiti iliyotengenezwa kwa unga usioongezwa virutubisho inakwepa mpango huo wa afya. Hilo ni kweli, na linastahili sheria. Iandikwe wazi kwamba mkate bapa wowote unaouzwa Uganda utengenezwe kwa unga ulioongezwa virutubisho, uoneshwe kwenye lebo, na ihusu cha ndani na cha nje pia. Lebo yenyewe iwe kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma, iseme uzito halisi, chumvi, vihifadhi kwa majina yake na tarehe ya mwisho isiyobandikwa juu ya nyingine. Kubandika tarehe mpya juu ya ya zamani ni wizi unaojulikana sokoni, na UNBS ikitaka kuwa kali iwe kali hapo. Ukali wa namna hiyo nauunga mkono bila sharti. Tena ungekuwa rahisi kuusimamia kama maofisa wake, ambao hawatoshi, wasingefungiwa kwenye kazi ya kuhesabu siku za malori.

Maana ukaguzi nao una kikomo cha watu na vifaa. Kila ofisa anayesimama kufungua maboksi ya mtengenezaji anayejulikana na mwenye alama halali ni ofisa asiyekuwapo sokoni Kikuubo kutafuta bidhaa zilizoisha muda, wala kwenye ghala ambako unga ulioloa unachanganywa na mkavu. Ukuta unapendeza kwa sababu unaonekana. Kazi ya sokoni haionekani, na ndiyo inayomlinda mlaji, akiwamo yule anayekula rolex.

Kama baada ya hayo yote serikali bado inaona kwamba mkate bapa wa ng'ambo unawaumiza waokaji wake, njia halali ipo. Mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukutana kila mwaka kabla ya bajeti za Juni na kukubaliana juu ya ushuru wa pamoja. Mwaka 2022 waliongeza daraja la nne la asilimia 35 kwa bidhaa kamili ambazo kanda inaweza kuzitengeneza. Uganda ipeleke hoja yake hapo, na takwimu zake, mbele ya watu. Ushuru huchapishwa kwenye gazeti la serikali. Mwagizaji anaujua kabla hajalipa kiwandani, pesa inaingia hazina, mbunge anaweza kuuhoji, na mwaka unaofuata unaweza kufutwa. Ucheleweshaji hauna tarehe ya mwisho, hauna anayeuwajibikia, na unamfungulia mlango anayetaka kupewa kitu ili aharakishe.

Ushuru huo hautagusa chapati ya Kenya iliyotimiza kanuni za uasili za Jumuiya, na wengine watasema hapo ndipo tatizo lilipo. Nawaambia wamtazame mwoka chapati wa Mbale. Bungoma iko karibu naye kuliko Kampala. Ana mashine moja ya kufungia pakiti, vijana kadhaa wanaokanda, na soko linaloweza kufika Kisumu, Juba na Bunia ikiwa pakiti yake itapokewa. Kinachomzuia leo ni ada ya alama ya ubora anayopaswa kuilipa kabla hajauza ya kutosha, na mashaka kwamba hata akiipata alama hiyo, ofisa wa upande wa pili ataamua kupima upya na kumshikia mzigo mpaka uote kuvu. Ada inaweza kupunguzwa kwa wadogo kwa uamuzi wa serikali peke yake. Lile la pili linategemea jinsi Uganda itakavyoipokea pakiti ya jirani kesho asubuhi.